Mwalimu na Hesabu ya Pili

Waliosema Mwalimu alikuwa mkaidi hawakumsingizia. Mimi nauza kompyuta zilizotumika pale Ngarenaro, Arusha, nimebishana na watu wa kila aina, nimebishana hata na mtu aliyeleta laptopu iliyokanyagwa na ng'ombe akidai aliinunua hivyo hivyo, na bado nasema sijaona mkaidi kama yule mama. Ninachokataa ni namna wanavyolitamka hilo neno, kana kwamba ni ugonjwa. Ndiyo maana naandika. Asiyependa asisome.

Siku ya kwanza aliingia dukani na mfuko wa kitambaa, miwani imefungwa uzi, akataka kompyuta ya mezani. Si ya kuwasha. Ya kufungua. Nikamfungulia moja. Akaniambia nihesabu skrubu nilizotoa.

"Kumi na mbili, mama."

"Hesabu tena."

Mimi ambaye hata mkate nahesabu slesi kabla sijaondoka dukani, nikaudhika. Nikahesabu. Kumi na moja. Moja ilikuwa imebingirika nikaihesabu mara mbili.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Rombo."

"Mchaga aliyezidisha skrubu. Nimeishi kuona mengi."

"Mama, skrubu moja haiangushi kompyuta."

"Inategemea ilikuwa imeshika nini," akasema, akaanza kuchungulia ndani kama daktari wa meno.

Alikuwa amefundisha hisabati sekondari hadi akastaafu. Nusu ya wenye viti vya kuzunguka mjini hapa walipita mikononi mwake, na alama zao alikuwa nazo kichwani. Ungekuwa naye barabarani, gari jeusi linapita, bwana mmoja anashusha kioo, "Shikamoo Mwalimu!" Anaitika marahaba vizuri tu, gari likishapita anakwambia, "Thelathini na nne. Muhula wote wa pili alikuwa anaandika jibu bila njia."

Hiyo njia ndiyo iliyomfikisha alikofika. Shuleni kwao zililetwa kompyuta za msaada, walimu wengine wakaogopa kuzigusa, yeye akauliza nini kiko chini. Akaambiwa chini kuna programu inayotawala nyingine zote, inayogawa kazi na memori, yaani ile nafasi ambamo kompyuta inaweka mambo inayoyafanya kwa wakati huo. Wenyewe wanaiita kerneli. Ipo ya wazi, iliyoandikwa na watu wa dunia nzima, mtu yeyote anaweza kuisoma na kutuma marekebisho kwa barua pepe. Kwa Mwalimu hilo lilikuwa kosa kubwa walilofanya. Kumwambia mtu wa namna ile kwamba yeyote anaweza kusoma!

Alikuwa anaichapisha kwenye karatasi. Steshenari moja ya Levolosi walimzoea, wakimwona wanaongeza karatasi kwenye mashine bila kuulizwa. Kisha anakaa na kalamu nyekundu na kusahihisha. Nimeziona hizo karatasi kwa macho yangu: alama ya vema hapa, alama ya kosa pale, pembeni ameandika "Rudia," "Umejuaje?" na kwingine, kwa hasira kidogo, "Nani kakuambia hakuna mtu humu ndani?" Faili moja la watu maarufu huko ng'ambo alilipa alama thelathini na nane.

"Ungeongeza mbili tu Mwalimu, wakapata arobaini."

"Za nini?"

"Za kusafiri mbali."

Hakucheka. Alicheka siku nyingine kabisa, tena kwa aibu yangu. Mwenye nyumba wangu aliamua kuigawa fremu yangu ya duka iwe fremu mbili ndogo. Akachungulia ndani, akaona hakuna mtu, akatoka kumwita fundi. Mimi huku nyuma nikaingia kuchukua monita iliyokuwa kwenye kona. Fundi akaja na mbao zake na redio yake, akapigilia. Nikabaki upande usio na mlango. Nilipiga ukuta hadi redio ikaisha betri. Mwalimu aliposimuliwa alicheka hadi miwani ikaanguka, halafu ghafla akaniomba nirudie tangu mwanzo, polepole.

"Alihesabu watu?"

"Alihesabu. Sifuri. Mimi niliingia baadaye."

"Baadaye, lakini kabla ya mbao."

"Ndiyo."

"Basi kosa lake si kutohesabu. Kosa lake ni kwamba alihesabu mlango ukiwa wazi."

Tangu siku hiyo nikawa mfano. Kila aliyemuuliza kuhusu kurasa kubwa alisimuliwa habari ya Mchaga aliyejengewa ukuta, na nikiwepo nilioneshwa kwa kidole. Nieleze na mimi basi, maana nimelipia. Kerneli inagawa memori vipande vidogo vinavyoitwa kurasa. Zipo pia kurasa kubwa: moja ina nafasi ya zile ndogo mia tano na kumi na mbili. Nimehesabu, usihangaike. Kubwa zinaongeza kasi kwa sababu kerneli inafuatilia kitu kimoja badala ya mia tano. Tatizo linakuja siku memori imebana na inabidi ukurasa mkubwa ugawanywe, sehemu isiyotumika wapewe wengine. Ukigawa wakati kuna programu bado imeshika kipande mle ndani, ile itaendelea kuandika mahali ambapo sasa ni pa mwenzake. Hakuna kengele itakayolia. Vitu vinachanganyika tu, kimya kimya.

Kwa hiyo kerneli inatakiwa kuhesabu mara mbili. "Hesabu ya kwanza inaokoa muda," Mwalimu alikuwa anasema. "Ukikuta watu, ahirisha, rudi baadaye. Hesabu ya pili inaokoa watu. Hiyo unaifanya huku unafunga mlango, kitendo kimoja. Akizidi hata mmoja, fungua, ondoka. Kuahirisha si aibu."

Usidhani alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka. Aliyehubiri programu ziwe wazi kwa wote alifunga sukari yake kwa kufuli. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri, tena mzuri, na kila Jumapili alimgombeza mwalimu wa kwaya kuhusu mapigo. Na huyo mwenye kuhesabu kila kitu mara mbili alivuka barabara baada ya kutazama mara moja, upande mmoja, kisha huyo. Siku moja bodaboda ilimkosa kwa upana wa kitenge. Nikamwambia, "Mwalimu, hapo umehesabu mara moja." Akanijibu, "Bodaboda inajua kwamba mimi nipo." Yule kijana wa bodaboda bado alikuwa anatetemeka.

Sasa nije kwenye lile jambo lililowafanya wamwite mkaidi.

Kulikuwa na kituo kidogo, chumba na nusu pale Engutoto, kilichokusanya kanda za kaseti za wazee wa Kimeru. Watu walirekodiwa zamani huko mlimani wakieleza upandaji wa kahawa, nyimbo za harusi, mipaka, mifereji ya maji na majina yake. Kanda zilikuwa zimeingia ukungu. Nyingine zilikubali kuchezwa mara moja tu, zikifika mwisho utepe unakatika. Maana yake nakala inayoingia kwenye kompyuta ndiyo inayobaki duniani. Mwalimu alikuwa anajitolea pale kusikiliza nakala na kuandika maneno, kwa sababu Kimeru ndicho alichoanza nacho kuongea. Mashine yao ya kuhifadhi ilitoka kampuni moja ya nje, iliyochukua kerneli ya wazi na kuibadilisha kidogo kwa matumizi yake. Vijiti vya memori vilivyoongezwa humo, vinane, niliviuza mimi.

Asubuhi moja bibi mmoja yuko kwenye spika anaeleza namna ya kung'oa mgomba, katikati ya sentensi anaingia mzee mwingine, wa kanda nyingine, anasifia ng'ombe. Sekunde tatu. Kisha bibi anarudi kwenye mgomba wake kama vile hakuna aliyemkatisha.

Injinia wa kituo, kijana msafi, shati limenyooshwa hadi kola inakata, hakufikiri dakika mbili. "Memori mbovu," akasema. "Za Ngarenaro hizi. Nilijua."

Aliwaambia na wengine. Ndani ya wiki moja wateja watatu walinirudishia vijiti vizima kabisa. Mtu wa biashara yangu hana kitu kingine zaidi ya kuaminika, kwa hiyo nilikwenda Engutoto nikiwa nimekunja mikono ya shati. Nilimkuta Mwalimu amenitangulia. Alikuwa ameviingiza vijiti vyangu kwenye mashine nyingine, akavipima siku mbili mfululizo, safi. Akaweka vya mtu mwingine kwenye mashine ya kituo, sauti zikachanganyika vile vile. Akazima matumizi ya kurasa kubwa. Mchanganyiko ukakoma.

"Si memori," akamwambia injinia. "Ni anayeigawa."

"Mwalimu, kwa heshima zote, hawa ni wataalamu wa kimataifa."

"Na wewe ni arobaini na moja kidato cha tatu. Nilihesabu mara mbili nikitafuta ya arobaini na mbili. Kurasa kubwa zibaki zimezimwa mpaka nisome."

Zilibaki zimezimwa siku kumi. Mashine ikawa nzito, kusafisha sauti ya kanda moja kukala siku nzima, na huku ukungu hausubiri. Injinia naye alikuwa na wakubwa wa kuwajibu. Akaziwasha tena bila kumwambia mtu. Namwelewa. Simsamehi, lakini namwelewa.

Kanda iliyochezwa mchana ule ilikuwa ya mwanamke mmoja akitaja mifereji ya upande wa kwao, mfereji na jina lake, na ukoo unaoutunza. Alianza kwa kusema iko saba. Alitaja minne. Halafu ikaingia kwaya. Sekunde tisa za kwaya. Aliporudi alikuwa anaaga. Utepe wenyewe ulikuwa umeshakatika vipande, hauunganiki.

Mwalimu alisikiliza mara ya kwanza. Akasikiliza mara ya pili. Hakupiga kelele. Alichukua daftari lake akaandika majina manne, moja chini ya jingine, kisha akachora mistari mitatu mitupu.

"Kuna mtu mwingine anayeyajua?" nikamuuliza.

"Alikuwa ni yeye peke yake."

Injinia alisimama mlangoni. "Mwalimu..."

"Zima," akasema. "Halafu kaa. Zimebaki kanda mia mbili na kumi. Sitaki kuchora mstari wa nne."

Tangu hapo alisoma kama mtu anayedaiwa. Kwa masharti ya kerneli ya wazi, kampuni ililazimika kutoa mabadiliko yake hadharani, akayachapisha yote, akayalinganisha na ya asili, mstari kwa mstari. Siku alipokuja dukani kwangu alikuwa na karatasi moja tu mkononi. Imezungushiwa wino mwekundu hadi imetoboka.

"Tazama. Hapa pana hesabu ya kwanza. Hapa chini palikuwa na ya pili. Mtu ameifuta."

"Kwa nini?"

"Ameandika mwenyewe: anasafisha, hesabu imejirudia." Akavua miwani. "Ameona mistari miwili inayofanana akadhani mmoja ni wa bure. Mtu huyu hajawahi kujengewa ukuta."

Akawaandikia. Wakajibu kwa adabu kwamba hawajawahi kuona tatizo hilo, je, anaweza kulionyesha? Kuonyesha maana yake ni kulifanya litokee makusudi, na kosa la namna hii linataka wawili wagongane kwenye upenyo mwembamba kuliko kope. Niliwasha kompyuta sita dukani, zote zikaendesha kerneli yao, Mwalimu akaandika programu moja ya kugawa kurasa kubwa bila kupumzika na nyingine ya kuzishika bila kupumzika. Tulikaa tunangoja. Wateja walidhani nimeanza kutotoa vifaranga, kwa lile joto. Umeme ukikatika, tunaanza upya. Siku ya tisa, saa tano asubuhi, mashine ya nne ikaandika mstari mwekundu kwenye skrini. Niliruka. Mwalimu alisema, "Subiri itokee tena." Ikatokea tena alasiri. Ndipo akachukua kalamu, akaweka vema moja kubwa kwenye karatasi, akaomba soda.

Alirudisha ile hesabu ya pili, mistari michache tu, akaiweka kwenye mashine ya kituo. Injinia akajaribu kumzuia, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, ukiweka ya kwako, wenye mashine hawatatuhudumia tena."

"Wametuhudumia lini?"

Akafikiri. Namsifu kwa hilo, alifikiri kweli. Akasogea pembeni.

Waliobaki nje ndio waliosema sana. Kwamba mstaafu mmoja wa Arusha anajifanya anajua kuliko kampuni nzima. Na baadaye, barua ya mwisho ilipokuja, kwamba amepewa nafasi ya kushukuriwa kwa jina na anaikataa. Kwanza, alipowatumia ushahidi na marekebisho yake, kampuni ilikubali kosa, ikamshukuru, kisha ikasema hesabu ya pili inapunguza kasi. Akapima, akawatumia vipimo: tofauti ilikuwa ndogo hadi ukipima mara kumi huna hakika umeiona. Wakanyamaza. Walinyamaza msimu mzima wa mvua.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa kirefu nilimfuata nyumbani kwao, huko juu mlimani, kati ya kahawa na migomba ya dada yake. Macho yalikuwa yameingia utando, anangoja kufanyiwa upasuaji, na kusoma skrini hawezi. Nilimpelekea laptopu ambayo hakuihitaji na kilo ya sukari ambayo aliifungia kufuli mbele yangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kituo?"

"Kanda zimekwisha zote. Injinia alisikiliza kila moja mwanzo hadi mwisho. Mara mbili."

"Zilizochanganyika baada ya marekebisho?"

"Hakuna."

"Amekwambia au umehesabu?"

"Amenambia, halafu nikahesabu."

Akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nikamwambia barua imekuja, kutoka kwa msimamizi wa kampuni. Nikamsomea. Walikuwa tayari kuyapokea marekebisho yake. Hesabu ya pili itakuwemo, ila itakuwa imezimwa, iwashwe tu wakati wa majaribio kiwandani. Kwa wateja itabaki moja. Jina lake litaandikwa kwenye shukrani. Wanaomba tu aandike kwamba ameridhika, wafunge suala.

Alikuwa ameshika daftari lile la zamani. Vidole vilikwenda vyenyewe kwenye ukurasa, vikapita juu ya majina manne, vikafika kwenye mistari mitupu, vikatulia hapo.

"Kwa hiyo kwao kiwandani patakuwa salama," akasema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Na hawa wenye kanda za nchi nyingine, ambao hawana mwalimu mkorofi?"

Nilifanya kazi yangu, nikajaribu kupatana. "Mwalimu, chukua hiki kwanza. Iingie, hata ikiwa imezimwa. Kesho tunadai iwashwe. Mtu anapandisha bei kidogo kidogo."

"Wewe ukiuza kompyuta, unauza na skrubu au bila skrubu?"

"Na skrubu."

"Zote?"

"Tangu siku ile, zote."

"Basi fungua hiyo laptopu yako, uandike. Ujibu kwa jina langu."

Nikafungua. Nikaweka vidole tayari, nikitegemea hotuba, maana nilimjua. Aligeuza uso kuelekea kwenye mwanga wa mlango.

"Hapana," akasema.

Nikangoja. Kuku akapita. "Halafu?"

"Andika hilo."

Nikaandika.

"Soma."

"Hapana."

"Ni maneno mangapi?"

"Moja, Mwalimu."

"Hesabu tena."

Nikainama kwenye skrini, nikahesabu tena, kwa kidole.

"Moja."

"Tuma."